Kusoma sheria ya fedha za kampeni ya jimbo la Marekani bila kudanganyika

Ukifungua sheria ya fedha za kampeni ya jimbo lolote Marekani, usikimbilie ile tarakimu ya dola anazoruhusiwa mtu kumchangia mgombea. Soma kwanza maneno yanayoifuata. Kikomo kikiwa cha kila uchaguzi, mchujo unahesabiwa mbali na uchaguzi mkuu mbali, kwa hiyo mtu huyohuyo anachangia mara mbili. Kikiwa cha mzunguko mzima, ndiyo basi.

Vermont ilibana kupita kiasi. Kwa mzunguko wa miaka 2, mchujo ukiwemo, mgombea ugavana aliruhusiwa kupokea dola 400 kwa kila mchangiaji, useneta wa jimbo 300, uwakilishi 200, na hata chama chake kiliwekwa kwenye viwango hivyohivyo. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani ikavifuta. Aliye kitini tayari anajulikana; mpinzani lazima agharimie matangazo ndipo watu wamjue. Kikomo kidogo mno humlinda aliyepo, jambo ambalo wanamageuzi hawapendi kulisikia.

Kisha uliza: fedha iliyozibiwa hapa inatokezea upande gani? Kikomo cha mchango hakigusi matumizi ya makundi yasiyoshirikiana na mgombea, na tangu 2010 kampuni na vyama vya wafanyakazi navyo vina ruhusa hiyo. Montana ilikuwa na katazo lake la matumizi ya kampuni tangu 1912, lilianguka 2012. Virginia haina kikomo kabisa, lakini mchango mnono unaonekana kwenye taarifa ya mgombea pamoja na jina la mtoaji. Penye kikomo kikali na ufichuzi legelege, yaani sharti hafifu la kutaja nani katoa fedha, utakutana na tangazo la kundi lenye jina tamu, usijue kalipia nani. Kwa hiyo sura ya ufichuzi isome polepole: taarifa zinawasilishwa lini kabla ya kura? Kundi linalazimika kumtaja mtoaji wa asili? Wapiga kura wa Arizona walipitisha sharti hilo 2022.

Kwenye kupima athari ndiko wengi huteleza. Ruzuku ya kampeni ya Arizona, fedha za umma anazopata mgombea baada ya kukusanya michango ya dola 5 kwa wapiga kura, ilianza kutumika uchaguzi wa 2000. Uchaguzi huohuo ukomo wa mihula ukaanza kuwatoa wabunge, na kufikia 2002 mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilikuwa imechorwa upya. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ikafuta nyongeza aliyolipwa mgombea wa ruzuku pale mpinzani wake alipotumia zaidi. Basi tenganisha viti vilivyo wazi na vile vyenye mtu, na takwimu za kabla ya 2011 usizichanganye na za baadaye.