Hesabu viazi kabla ya kuvipima

Ninyi mnaoanza kazi ya kulinganisha jinsi aina za viazi mviringo zinavyostahimili ukame huko Nyandarua au Molo, msitosheke kuuliza ukame ulikuwa mkali kiasi gani. Ulizeni pia uliukuta mmea katika umri upi.

Msimu wangu wa kwanza nilipima uzito wa jumla wa kila ploti, nikaona aina mbili zimekaribiana, nikaandika kwamba zinastahimili ukame kwa kiwango kimoja. Moja ilikuwa imezaa viazi vichache vikubwa, nyingine vingi vya ukubwa wa ndimu, lakini nilikuwa nimeshavichanganya katika magunia na ushahidi ukapotea. Jambo hilo linanisikitisha mpaka leo, kwa kuwa mkulima hakosi kuiona tofauti hiyo: mnunuzi wa viazi vya chipsi huchagua vikubwa, na vidogo humbakia nyumbani.

Chini ya udongo mmea wa kiazi hutoa vitawi vyeupe ambavyo ncha zake huvimba. Mvua ikikatika wakati huo, ambao mara nyingi hukaribiana na kutokea kwa vitumba vya maua, idadi ya viazi hupungua; ikikatika baadaye, idadi hubaki lakini havinenepi; na ikirudi ghafla baada ya kiangazi, vingi hupasuka au huota vinundu. Kwa hiyo kila wiki ng'oeni shina moja katika mistari ya pembeni, mpanguse udongo kwa vidole, mhesabu ncha zilizovimba.

Msisubiri majani yanyauke. Sehemu kubwa ya mizizi hubaki katika sentimita 30 hivi za juu, na majani hufunga mapema vitundu vyake vya kupitishia hewa, hivyo mmea huwa umeshapunguza kutengeneza chakula ungali unaonekana mzima.

Aina iitwayo Shangi, inayokomaa kwa takribani miezi mitatu, huweza kuukwepa ukame wa mwisho wa msimu, lakini ukiipata katikati haina muda wa kutosha kujirudi, ilhali aina zinazochelewa kukomaa kuliko Shangi, kama Dutch Robijn, huweza kunufaika mvua ikirejea. Ndiyo maana sikubali aina yoyote iitwe stahimilivu kwa msimu mmoja tu, wala kwa vipimo vya mvua vya kituo cha hali ya hewa kilicho ng'ambo ya kilima: wekeni kipimamvua katika shamba lenyewe, na mkisome kila asubuhi.