Wasomaji Wanauliza: Rubani wa ndege 352

SWALI: Nasoma kwamba Mjerumani Erich Hartmann aliangusha ndege 352 katika Vita Kuu ya Pili, ilhali Richard Bong, aliyeongoza Wamarekani wote, aliishia 40. Hapo hakuna chumvi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Chumvi inawezekana. Majeshi yote ya angani yalizidisha hesabu, na wapo watafiti wa Urusi wanaoipinga hiyo ya Hartmann, ambayo 345 ni ndege za Kisovieti na 7 za Kimarekani. Lakini hata ukipunguza, inabaki kubwa. La kwanza ni muda wa vitani. Bong alirudishwa kwao Marekani vita vikiwa bado vinaendelea. Rubani wa Kijerumani hakuwa na ukomo wa safari: aliruka mpaka afe, aumie au vita viishe. Hartmann aliripoti kikosi cha JG 52 Oktoba 1942 na alikuwa bado angani tarehe 8 Mei 1945, akiwa na safari za vita kama 1,400.

La pili ni umbali. Messerschmitt Bf 109 G-6, aina ya ndege aliyoirusha Hartmann, ilikuwa na bunduki mbili za milimita 13 juu ya injini, na mzinga mmoja wa milimita 20 uliopiga kupitia kitovu cha panga boi. Mzinga huo ulibeba risasi 200 tu na ulitema kama 700 kwa dakika. Piga hesabu: hazifiki sekunde 20. Ukianza kufyatua ukiwa mbali, unamwaga risasi hewani. Hartmann alisubiri mpaka ndege ya adui ijaze kioo chake cha mbele, akapiga kwa muda mfupi, akaondoka. Kuzungushana na adui hakukutaka kabisa. Ni mbinu ya mviziaji, wala si ya shujaa wa sinema, na ndiyo iliyomfikisha mwisho wa vita akiwa hai.

Ubaya wake ni vipande. Tarehe 5 Novemba 1942 alilenga Il-2, ndege ya Kisovieti yenye deraya ambayo risasi zilikuwa zikidunda ubavuni. Akaingia kwa chini na kupiga rejeta ya oili iliyokuwa tumboni. Il-2 ikalipuka, mabaki yakamharibia injini, akalazimika kutua kwa tumbo. Huo ndio ulikuwa ushindi wake wa kwanza! Alianguka au kutua kwa dharura zaidi ya mara kumi, mara nyingi kwa sababu ya mabaki au hitilafu ya mitambo.

SWALI: Alifungwa kwa kosa gani, na kwa nini baadaye aliacha jeshi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Alijisalimisha kwa Wamarekani, nao wakamkabidhi kwa Wasovieti. Alihukumiwa miaka 25 ya kazi ngumu kwa uhalifu wa kivita, mashtaka aliyoyakana. Alitoka 1955, baada ya Kansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi kwenda Moscow kuwaombea wafungwa. Mwanawe wa kwanza alizaliwa na kufariki yeye akiwa kizuizini. Mwaka 1997 Urusi iliifuta hukumu ile.

Mwaka 1956 aliingia jeshi jipya la Ujerumani Magharibi, akawa kamanda wa kwanza wa JG 71, kikosi cha ndege za Sabre. Ugomvi ulikuja na F-104 Starfighter. Ndege hiyo ina mabawa mafupi na hutua kwa kasi kubwa. Iliundwa kukimbilia adui juu sana. Wajerumani wakaiongezea vifaa na kuitumia chini chini, katika mawingu ya Ulaya, mikononi mwa marubani wasio na uzoefu wa kutosha. Hartmann alisema wazi kwamba marubani hawajawa tayari. Wakubwa hawakupenda. Alistaafu 1970 akiwa kanali, na alifariki 20 Septemba 1993. Ujerumani ilipoteza Starfighter 292 na marubani 116, kwa hiyo msomaji ataamua nani alikuwa sahihi.

SWALI: Lile ua jeusi puani mwa ndege yake? – Msomaji, Bujumbura

JIBU: Mchoro wa tulipu. Marubani wa Kisovieti waliuzoea na kumkwepa, windo likawa haba, akaufuta.