Kidonda Kisichouma Sehemu za Siri Si cha Kupuuza

Juzi msomaji ameniandikia kwamba ana kidonda kimoja sehemu za siri. Hakiumi, hakiwashi. Je, akipake mafuta tu asubiri? Ndugu yangu, usisubiri.

Mimi nimepita huko. Changu kilikuwa cha mviringo, kisafi, hakina usaha, na ukingo wake ulikuwa mgumu kama gegedu. Maumivu hakuna kabisa. Muuza dawa niliyemwendea hakuniuliza lolote wala hakunishauri nipime. Alinipa mafuta ya fangasi mbele za watu, huku akitabasamu. Lile tabasamu linanichoma mpaka leo. Kidonda kikapona, nikayashukuru mafuta.

Kumbe ilikuwa kaswende, na kidonda chake hupona chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki 3 hadi 6, na vimelea vinabaki mwilini. Baadaye nikatoka vipele viganjani na kwenye nyayo, navyo haviwashi. Muuguzi aliigeuza mikono yangu kwenye mwanga, akanyamaza kidogo, akaagiza kipimo cha damu. Nikadungwa penisilini ya benzathini, yuniti milioni 2.4, nusu kila tako. Inauma! Lakini nilirudi kupima mpaka daktari akaridhika, na hilo nalisema kifua mbele.

Si kila kidonda ni kaswende. Hepesi huja na malengelenge madogo madogo yaliyokusanyika, yakipasuka yanachoma, hasa mkojo ukiyagusa, na huweza kurudi tena na tena. Dawa ya asaiklova hupunguza makali, virusi haviondoki. Pangusa, kidonda kingine cha zinaa, huuma sana, kingo zake zimechanika-chanika, kina usaha, na mara nyingi mitoki huvimba kinenani.

Hata hivyo, jamani, msijitibu kwa macho. Magonjwa mawili huweza kukaa kwenye kidonda kimoja, na hata mtaalamu hukosea akitazama tu. Acheni kumeza antibayotiki mlizoazimana. Kapimeni damu, na VVU pia, maana kidonda huvirahisishia njia. Kikiwa kipya, kipimo cha kaswende huweza kusoma hasi, basi rudia baada ya wiki chache. Mjamzito asichelewe hata siku moja, kwa sababu kaswende humfikia mtoto tumboni na huweza kuua mimba.

Na mwenzi wako mwambie, hata kama ulimi ni mzito. Apimwe na kutibiwa naye, na msikutane kimwili mpaka wote mmeruhusiwa, la sivyo mtaambukizana upya.