Wakorea na vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili: usianze na orodha

Mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema umepata kazi ya kumfundisha Kiingereza mama wa Kikorea hapo Dar. Ana msamiati mkubwa na anaandika barua pepe safi, ila mtu akimwambia "hold on" au "figure it out" anakwama. Umepakua orodha ya vitenzi elfu moja vya namna hiyo na unauliza uanzie wapi. Pia umeuliza kama ni lazima wewe mwenyewe ujue Kikorea.

Orodha hiyo iweke kando kwanza. Nilisoma Daejeon, mji wa Korea Kusini, miaka mitatu, maabara nzima Wakorea na mimi peke yangu mgeni, na tangu nirudi huu ni mwaka wa sita nafundisha watu wazima wa Kikorea hapa mjini. Nakuandikia niliyoyaona kwa macho.

Mwanafunzi wako hajapungukiwa juhudi. Kwao Kiingereza kinaanza darasa la tatu. Siku ya Suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaofanyika kila Novemba, ndege haziruki wala hazitui kwa dakika kama 35 ili watahiniwa wasikie vizuri sehemu ya kusikiliza Kiingereza. Kinachomkwamisha ni namna alivyoyapokea maneno. Kila mmoja wao amepita kwenye daneojang, daftari la maneno: kushoto Kiingereza, kulia Kikorea. Humo "postpone" ni yeongihada, "cancel" ni chwisohada, "submit" ni jechulhada. Mizizi ya maneno hayo ya Kikorea imetoka Kichina, kama sisi "ahirisha" na "wasilisha" zilivyotufikia kutoka Kiarabu, na yanakaa jozi moja kwa moja na maneno mazito ya Kiingereza. Lakini "put off", "call off" na "hand in" havikupata jozi. Vilirundikwa chini ya kichwa cha sugeo, yaani misemo, vikakaririwa kama namba za simu na kusahaulika vivyo hivyo.

Jamaa mmoja wa maabara yetu, mkubwa kwangu kimasomo, kijana makini kuliko wote, alipata ujumbe kutoka kwa mtafiti mgeni kwamba kikao cha saa nane "has been called off". Alisoma "called". Akaketi chumba cha mikutano, simu mezani, akisubiri apigiwe. Nilimkuta baada ya dakika arobaini, daftari limefunguliwa, kalamu mkononi. Nilipomwambia kikao kimefutwa aliinamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Kwa nini hakuandika cancelled?" Swali lile sijalisahau. Na tangu siku hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kuandika "call off" mahali popote, kila mara "cancel". Wataalamu wameliona jambo hili kwa watu wengine pia. Mwaka 1985 Dagut na Laufer walionyesha kuwa wanafunzi wanaozungumza Kiebrania huvikwepa vitenzi hivi na kuchagua neno moja linalojitosheleza. Anayekwepa hakosei, kwa hiyo mwalimu haoni kitu cha kusahihisha. Mwanafunzi wako ataandika vizuri miaka kumi huku akiendelea kutoelewa watu wakiongea.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mimi nilipoteza karibu mwaka mzima nikifundisha vitenzi hivi kama kitu kigeni kabisa kwa Mkorea. Si kigeni hata kidogo. Kikorea kimejaa vitenzi viwili vilivyoshikana vikatoa maana moja, na mwanafunzi wako anavitumia tangu anajifunza kutembea bila kuvifikiria.

Chukua "pick up". Kikorea wana jibeo deulda: ya kwanza ni kushika kwa vidole, ya pili ni kuinua. "Put down" ni naeryeonota, teremsha kisha weka. "Look up", kutafuta neno kwenye kamusi, ni chajaboda, tafuta-ona. "Find out" ni araboda, jua-ona. "Try on" dukani ni ibeo boda, vaa-ona. Kile kitenzi boda, kuona, kikija nyuma ya kingine hubeba maana ya kujaribu, kama "on" ilivyobeba kazi yake kwenye "try on".

Siku nilipogundua hili nilikuwa na mama mmoja pale Mikocheni. Nilikuwa namwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mama fulani, naye alifurahi mno kwa kuwa kwao ndivyo majirani wanavyoitana. Yeye akiniita seonsaengnim, mwalimu, kwa heshima. Tulikuwa na kikombe mezani. Nikakiinua, nikasema "pick up", nikamwomba anipe Kikorea chake. Akasema jibeo deulda. Nikamwambia alitamke polepole, akiyatenganisha. Akatenganisha, akakitazama kikombe, akarudia sehemu ya pili peke yake, deulda, huku mkono wake ukipanda juu. Kisha akasema "up". Mwenyewe. Sikumwambia. Akavuta daftari na kuanza kuandika vitenzi vyake vya Kikorea safu nzima, akiniuliza kila kimoja Kiingereza chake ni kipi. Saa ile ilifanya kazi kuliko miezi mitatu iliyotangulia.

Kwa hiyo anza kwake, ndipo uende kwenye Kiingereza. Mpe vitu mkononi: kikombe, boksi, koti, taa. Atoe, arudishe, aweke chini, awashe, azime. Kila tendo kwanza kwa Kikorea, halafu kwa Kiingereza.

Kuna "up" nyingine isiyo ya kupanda juu: "eat up", "use up", "dry up". Hapa wengi wanakata tamaa, lakini Kikorea kina beorida, maana yake kutupa, na ikifuata kitenzi kingine inasema jambo limekwisha kabisa. Meogeo beorida ni kula pasibaki kitu. Nasi tunayo hiyo hiyo: tunasema "tupilia mbali" na "potelea mbali", na hakuna anayepima huo umbali ni kilomita ngapi. Mwambie tu kwamba beorida huwa na majuto au ahueni ndani yake, na "up" haina hisia hizo. Mama yule aliniuliza kama "I used up the rice" ni kulalamika. Swali zuri sana. Hapana, ni taarifa tu kwamba mchele umekwisha.

Kuna mahali pengine Kikorea kinataka zaidi ya Kiingereza. Deureogada ni kuingia ukielekea huko, deureooda ni kuingia ukija huku nilipo mimi. Mkorea hawezi kutaja kuingia bila kusema amesimama wapi. Akikutana na "get in" atakuuliza: anakwenda au anakuja? Usimwone msumbufu. Lugha yake imemlea hivyo.

Mavazi yatakupa somo zima. Wao kuvaa nguo ni ipda, viatu ni sinda, kofia na miwani ni sseuda, pete ni kkida. Kiingereza "put on" inabeba vyote, kama "vaa" yetu. Hapo atapumua. Lakini mtego uko nyuma yake: ipgo itda yaweza kuwa "anavaa" na yaweza kuwa "amevaa". Ndiyo maana atakuonyesha picha ya mtu ametulia kwenye kiti na kusema "she is putting on glasses", akimaanisha "she is wearing glasses". Wewe unayesema Kiswahili hili unaliona papo hapo, maana -na- na -me- zinalitenga bila jasho. Yeye mchoree picha mbili, mkono uko njiani na mkono umeshashuka.

Maneno yaliyoingia Kikorea kutoka Kiingereza yasikudanganye, na hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Wanasema pigeop (pick up), teikeuaut (take out), keombaek (come back), meikeueop (make up). Yamekuwa majina ya vitu, kama sisi "pikapu" ilivyokuwa gari. Keombaek ni msanii kutoa kazi mpya, hata kama ya mwisho ilitoka miezi sita tu iliyopita. Meikeueop ni vipodozi, kwa hiyo ukisema mume na mke waligombana halafu "they made up", yaani wakapatana, atashangaa walijipodoa kwa ajili gani. Na pigeop wanaiongezea hada, kufanya, inakuwa pigeophada, kitu kimoja kisichokatika. Ukihamisha hiyo kwenda Kiingereza unapata sentensi ambayo nimeisikia zaidi ya nyingine yoyote: "I will pickup you."

Kanuni ya kitabu inasema kiwakilishi lazima kikae katikati: "pick you up". Niliisema kanuni hiyo mara mia, haikushika. Kilichoshika kilitoka kwenye Kiswahili. Mama yule alikuwa amekaa Dar mwaka mzima, na bodaboda wake kila siku humwambia "nitakupigia". Nikaiandika kwa herufi kubwa, nita-KU-pigia, nikamwuliza yeye yuko wapi kwenye neno hilo. Akaweka kidole kwenye KU, katikati. Nikaandika chini yake "call YOU back". Kisha nikaandika "nitachukua mzigo" na "pick up the luggage": mzigo ni mzito, unakaa nje. Kiingereza kinaruhusu mzigo uingie katikati pia, ila "you", "it" na "them" hayana hiari kwenye vitenzi vya aina hii. Kama mwanafunzi wako ameanza kuokota Kiswahili sokoni, tumia njia hiyo. Vile visivyokatika kama "look after him" vifundishe baadaye, kimoja kimoja.

Sikio nalo ni nusu ya kazi, tafadhali usilisahau. "Pick it up" mdomoni mwa Mwingereza au Mmarekani si maneno matatu, ni kitu kimoja, pi-ki-tap, na uzito uko mwisho. Mkorea anasubiri kusikia "pick" iliyokamilika, haiji, sentensi inampita. Mkumbushe kwamba Kikorea kinafanya hivyo hivyo: meogeo inaandikwa meok na eo, lakini inatamkwa meo-geo, konsonanti ya mwisho imehamia silabi inayofuata. Wao wanaiita yeoneum na walifundishwa shuleni. Ukimwambia "Kiingereza kina yeoneum" atakuelewa kuliko ukimpa saa tatu za fonetiki. Kikorea pia hakina sauti ya f, hivyo "off" huwa opeu, na "of" ni obeu. Mfanye auume mdomo wa chini, ashike. Mimi hupiga meza ngumi moja kwenye kijineno cha mwisho: "turn it OFF", "put it BACK". Yeye apige pamoja nami.

Vile vya mafumbo, "put up with", "get over", "come up with", "turn out", hakuna njia ya mkato niliyoipata. Kimoja kwa wiki, maana moja, ndani ya kisa kilichomtokea mwenyewe. Kama bado unataka orodha, mwaka 2015 Garnier na Schmitt walitoa ya vitenzi 150 vinavyotumika zaidi, na maana zinazostahili kujifunzwa kwanza ni 288 tu. Hiyo inatosha kwa miaka miwili. Hiyo yako ya elfu moja itamvunja moyo, na mtu aliyeishi na daneojang tangu utotoni hahitaji nyingine.

Jambo dogo la adabu: watu wazima wengi wa Kikorea huogopa kuwa vitenzi hivi ni vya mtaani, havimfai bosi. Lugha yao inapanga heshima kwenye mwisho wa kitenzi, kwa hiyo hofu hiyo ni ya kweli. Mhakikishie kuwa "fill out the form" na "hand in the report" zinasemwa ofisini mbele ya yeyote.

Sasa lile swali lako la mwisho. Huhitaji kujua Kikorea chote. Hangul, yaani alfabeti ya Kikorea, ina herufi 24 za msingi, ukikaa nayo wiki moja jioni jioni unaisoma. Halafu jifunze vitenzi vyake kama thelathini vya mwendo na vya mikono: kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kushika, kuweka, kutoa, kuona, kutupa. Mwache yeye akufundishe, nusu saa ya kwanza ya kila kipindi. Mama wa Mikocheni aliniambia baadaye kwamba hizo ndizo nusu saa alizokuwa hana haya ya kufungua mdomo, kwa kuwa mwanafunzi nilikuwa mimi.