Barua zimefika, Mutt haizioni

SWALI: Ninatunza seva ya barua pepe ya ofisi yetu hapa Mwanga, Kigoma. Ni Debian (mfumo endeshi wa Linux) yenye Postfix, programu inayopokea na kutuma barua, na barua tunazisoma kwa Mutt. Tangu wiki iliyopita Mutt ikifunguka inasema "/var/mail/ofisi: No such file or directory". Nimeunda faili tupu kwa amri ya touch na ujumbe huo wa kosa ukaondoka, lakini kisanduku hakina kitu, na wateja wa mizigo bandarini wanasema wametuma. Zimepotea?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, inaelekea zipo salama. Postfix ndiyo inayoweka barua, Mutt inasoma tu, na sasa kila moja inaangalia kwake. Lile faili la touch limeficha kosa. Hakikisha kwa ls -l kwamba lina baiti 0, kisha ulifute.

Usianzie kwenye Mutt. Iulize seva imeweka wapi:

grep postfix/local /var/log/mail.log | tail

Debian 12 huenda isiwe na faili hilo. Tumia journalctl -t postfix/local. Ukikuta "delivered to maildir", barua zimo kwenye folda ya mtumiaji, kwa kawaida ~/Maildir, ndani ya new. "Delivered to mailbox" maana yake ni faili moja, na "delivered to command" ni programu nyingine, mara nyingi procmail, inayozipokea. Kisha tazama mipangilio ya Postfix:

postconf home_mailbox mailbox_command

Hapa tazama mkwaju wa mwisho. "Maildir/" ni folda yenye cur, new na tmp. "Maildir" bila mkwaju ni faili la mbox, yaani faili moja lenye barua zote. Alama moja hiyo inabadilisha kila kitu. Na mailbox_command ikiwa na thamani, home_mailbox haisomwi kabisa.

Jaribu kwanza bila kubadilisha chochote: mutt -f ~/Maildir. Barua zikionekana, andika kwenye ~/.muttrc:

set mbox_type=Maildir
set folder="~/Maildir"
set spoolfile="~/Maildir"
set record="+.Sent"
set postponed="+.Drafts"

Mstari wa folder utangulie, kwa sababu alama ya + huhesabiwa kutoka hapo. Bila spoolfile, Mutt hufuata MAIL, kigezo cha mazingira ya mfumo, ambayo kwako bado inaelekeza /var/mail. Hakikisha kwa echo $MAIL.

Kama kumbukumbu ya seva (log) inaonyesha "deferred" (imeahirishwa) na "Permission denied", inaelekea folda iliundwa na root, msimamizi mkuu wa mfumo. Postfix huandika kwa jina la mpokeaji, hivyo inakwama:

chown -R ofisi: /home/ofisi/Maildir
postqueue -f

Fanya hivyo mapema: barua iliyokwama hurudishwa kwa mtumaji baada ya siku 5, isipokuwa mpangilio umebadilishwa.

Kwa wenzako wenye barua za zamani ndani ya /var/mail, wafungue faili hilo kwa mutt -f, wabonyeze T (kuchagua), waandike ~A (barua zote), kisha ;C (kunakili zilizochaguliwa) na ~/Maildir. Watumie C, wasitumie s (inayohamisha): C inanakili na kuacha asili mahali pake hadi mhakikishe zote zimehama.