Mdogo Wangu, Usisubiri Mpaka Mlangoni pa UE

Mwaka wa pili, asubuhi ya UE (mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula) ya takwimu, nilisimama mlangoni mwa ukumbi na kitambulisho mkononi, vidole sivisikii. Midomo ilikuwa imeingia ganzi, moyo unanidunda hadi kooni, na hewa naivuta kwa nguvu lakini naona haitoshi. Niliingia hivyohivyo. Baada ya dakika 40 nikarudisha karatasi nusu tupu, nikaenda moja kwa moja zahanati nikijua nina ugonjwa wa moyo. Walinipima, kila kitu kikawa sawa, nikaambiwa nina mawazo tu, nikanywe maji nikalale. Nilitoka nalia. Sup, yaani mtihani wa kurudia, ilikuwa ya uhakika na hakuna aliyenieleza kilichonipata.

Ngoja mimi nikueleze. Mtu mwenye hofu hupumua harakaharaka kwa kifua, akatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Ikipungua kwenye damu, vidole na midomo vinafa ganzi na kichwa kinakuwa chepesi. Kumbe ile hewa niliyokuwa naigombania ndiyo iliyonizidishia. Hapo cha kufanya ni kutoa pumzi taratibu, iwe ndefu kuliko uliyovuta. Pumzi hiyo huamsha neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, ndiyo inayopunguza mapigo.

Kulijua hilo hakukutosha. Usiku wa kuamkia test nilijaribu kuhesabu pumzi nikashindwa kufika hata kumi, kwa sababu mwili ulikuwa haujazoea. Lazima uufundishe siku ambayo huna shida yoyote.

Muhula ule nilikuwa nasoma Kichina kama somo la ziada, na mwalimu wetu, mama wa makamo kutoka China, akatufundisha Baduanjin. Ni mazoezi ya mitindo minane, yanajulikana kwao tangu enzi za nasaba ya Song, zaidi ya miaka 800 iliyopita. Hayataki mkeka wala uwanja. Nilikuwa nayafanyia katikati ya vitanda vya dabo deka, saa 11 alfajiri, kabla foleni ya bafuni haijaanza.

Mtindo wa kwanza unasimama, miguu imeachana upana wa mabega. Unaunganisha vidole vya mikono mbele ya tumbo, unaipandisha polepole ukivuta pumzi, ikifika usoni unageuza viganja na kusukuma juu kama unayeinua dari. Kisha unaachia, mikono inashuka pembeni, pumzi inatoka yote. Wa mwisho unanyanyua visigino, unatulia kidogo, halafu unavidondosha sakafuni mara saba. Mtikisiko unausikia mgongoni. Wiki ya kwanza tu niligundua mabega yangu hukaa yamepanda muda wote, hata nikiwa nakula.

Rumeti wangu aliogopa kuwa ni ibada ya watu. Nilimwonyesha kwamba hakuna kinachotamkwa wala kinachoabudiwa, naye akajiunga, akisali kimoyomoyo. Moyo wako ukisita bado, ipo njia ya daktari Mmarekani Edmund Jacobson, ya tangu miaka ya 1920: unakaza ngumi sekunde chache, unaachia, unasikiliza tofauti, kisha unahamia mabega, uso, mapaja. Hata kitandani inafanyika.

Mimi ilinichukua kama wiki tano kuona mabadiliko, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tatu. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu usiku wa kusoma madesa, punguza. Siku chache kabla ya hedhi wasiwasi wangu hupanda, basi naziwekea alama kwenye kalenda ili zisinishtue.

Ila mazoezi hayalipi ada wala hayaharakishi boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi. Nusu ya hofu yangu ilikuwa hela ya nyumbani, na hofu hiyo nilimweleza mshauri nasaha wa chuo, tena nimechelewa sana kwenda. Kama wiki mbili hulali, huli, umeacha kuingia darasani, au unawaza kujidhuru, nenda leo, na mtu akusindikize.

Sup ilikuwa Septemba. Nilifika mapema, nikasimama nyuma ya ukumbi chini ya mwarobaini, nikanyanyua visigino nikavidondosha, mara saba. Viganja vilikuwa na jasho bado. Lakini vidole nilivisikia vyote kumi, nikatoa kitambulisho nikaingia.