Fundi, hii kaboni naitoaje?

Safari hii karibu maswali yote yamekuja na kilio kimoja: masizi yaliyoganda ndani ya injini, na kama mtu anaweza kuyatoa mwenyewe nyumbani Jumapili bila kumlipa fundi. Mengine unaweza, mengine utaharibu gari. Nimechagua saba na kuyafupisha kidogo.

Nina Toyota IST. Asubuhi inawaka vizuri, lakini kwenye foleni sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, na nikiwasha AC inataka kuzima. Fundi wa mtaani anasema injini imejaa kaboni, ifunguliwe. Naogopa. – Dada wa Tabata, Dar es Salaam

Dada, usikubali injini ifunguliwe kwa dalili hiyo peke yake. Anza na throto. Hewa yote inayoingia kwenye injini hupita kwenye kitundu cha duara chenye sahani inayofunguka ukikanyaga mafuta. Ukiachia pedali, sahani hubakisha upenyo mwembamba sana, na huo upenyo ndio unaoshika sailensa. Sasa mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini hurudishwa kupita humohumo, unanata, vumbi linajishika juu yake, na miaka ikienda panajengeka pete nyeusi kuzunguka sahani. Ukiwasha AC injini inataka hewa zaidi, inaikosa, inatetemeka.

Hii ni kazi ya nyumbani kabisa. Injini iwe imepoa, gari liwe nje penye hewa, na asiwepo mvuta sigara karibu, maana dawa ya kusafishia kabureta inashika moto haraka. Toa terminali hasi ya betri. Legeza klampu ya mpira mkubwa unaotoka kwenye kichujio cha hewa, uvute pembeni, utaiona sahani. Pulizia dawa kwenye kitambaa cha pamba, siyo kumimina kopo zima ndani, kisha futa ukingo wa sahani mbele na nyuma. Palipokaza tumia mswaki wa zamani wenye nywele laini. Usikwangue kwa bisibisi wala msasa.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kama throto yako inavutwa na waya kutoka kwenye pedali, mtu akusaidie kuuvuta waya ili sahani ifunguke. Kama haina waya, ina plagi ya umeme tu, basi ni ya mota, na ndani yake kuna gia ndogo za plastiki. Usiisukume kwa kidole kwa nguvu. Na ukiona kifaa kidogo cha umeme kimechomekwa kwenye njia ya hewa karibu na kichujio, hicho ndicho kinachopima hewa. Kina waya mwembamba kuliko unywele na kina dawa yake, ya kabureta inakiua.

Ukirudisha betri, usishtuke sailensa ikiwa juu kwa dakika chache. Acha gari liungurume dakika kumi bila AC, kisha kumi na AC, kompyuta ijifunze upya. Yapo magari yanayokataa mpaka yapimwe kwa mashine. Kabla hujafunga boneti, kagua mipira midogo ya hewa kama imepasuka, kwa sababu mpira uliopasuka unaleta dalili hizohizo na dawa haiuzibi.

Premio yangu ni ya D4, cc 2000. Kila mwezi naweka chupa ya dawa ya kusafisha injini kwenye tangi, lakini bado nzito na inamisi (inarukaruka kuwaka) ikiwa ya baridi. Nibadilishe aina ya dawa? – Mwalimu, Mwanza

Mwalimu, tatizo siyo aina ya dawa, ni njia inayopita. Katika injini za kawaida, kama ya IST ya dada hapo juu, nozeli inapuliza petroli nyuma ya valvu ya kuingizia. Kila mpulizo ni kama kuisuuza, kwa hiyo dawa iliyo kwenye petroli inaifikia. D4, ambayo Toyota waliianza Japani mwaka 1996, nozeli yake inapuliza moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu haionji petroli hata tone. Inachopata ni mvuke wa oili kutoka tumboni na moshi wa eksozi unaorudishwa kwenye hewa ya injini na valvu iitwayo EGR, na viwili hivyo vikikutana kwenye chuma cha moto vinaganda kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Chupa zako zote zimepita mlango mwingine.

Sisemi hazikufanya kitu. Dawa nzuri, hasa yenye kemikali iitwayo PEA, husafisha ncha za nozeli na kichwa cha pistoni. Chupa moja kwa tangi lililojaa, mara moja kila miezi kadhaa, inatosha. Ila valvu hazikunufaika.

Kuzisafisha ni lazima manifoldi ya kuingizia, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, itoke. Gereji zenye vifaa hurusha unga wa maganda ya jozi kwa upepo wa kompresa. Unga huo unakwangua kaboni bila kukwaruza chuma. Wasio na mashine hiyo hufunga valvu za silinda moja kwa kuzungusha injini kwa spana, wanajaza dawa juu yake, wanaiacha iloweke, wanasugua kwa brashi, wanafyonza uchafu, kisha wanahamia silinda inayofuata. Nimeifanya. Ni kazi ya siku nzima na mgongo unauma. Valvu ikiwa wazi hata kidogo, punje ya kaboni inaingia ndani na inakwaruza silinda. Gasketi iwe mpya. Na kama hujawahi kufungua manifoldi, usianzie kwenye D4: mafuta yake hufika presha ya baa 80 na zaidi, wakati injini ya kawaida ni baa 3 hivi. Mpira au bomba la presha hiyo halifunguliwi kwa kubahatisha.

Kabla ya yote hayo, toa plagi uziangalie, maana kumisi asubuhi kunaweza kuwa plagi au koili tu. Plagi ya kahawia hafifu ni nzima. Nyeusi kavu kama sufuria ya kuni ina maana petroli inazidi au hewa haitoshi. Nyeusi yenye mafuta ina maana oili inaingia silinda, na hapo kusafisha kaboni ni kudeki huku bomba linavuja.

Mjomba wangu aliendesha malori miaka mingi. Anasema wao walikuwa wanadondoshea maji kwenye njia ya hewa injini ikiwaka, kaboni yote inatoka. Kweli? – Kijana, Morogoro

Mjomba hakudanganyi. Maji yakiingia kidogokidogo kwenye silinda yenye moto hugeuka mvuke ghafla, na mvuke huo unabandua masizi. Fundi yeyote aliyefungua injini iliyokuwa inakula maji kwa gasketi mbovu ameona: silinda ile moja inang'aa kama sahani iliyooshwa, wenzake ni weusi.

Ila maji hayabanwi. Hewa yenye mvuke wa petroli inabanwa, ndiyo kazi ya pistoni. Yakiingia mengi kwa mkupuo mmoja, pistoni inapanda inakuta ukuta, na kinachopinda ni konrodi, mkono wa chuma unaoisukuma pistoni. Magari yanayojilazimisha kupita Jangwani, Dar es Salaam, maji yakiwa yamejaa masika hufa kifo hichohicho. Niliwahi kuletewa gari la kijana aliyekata tundu kwenye kifuniko cha chupa na kuiachia juu ya mpira wa hewa. Kifuniko kilichomoka. Konrodi nilizitoa mbili, zote zimepinda. Mjomba alikuwa na mkono uliozoea na injini ya zamani isiyo na sensa. Wewe nenda na dawa ya kopo.

Mafuta ya taa kidogo kwenye petroli yanasafisha? – Dereva teksi, Tanga

Hapana. Mafuta ya taa yanafaa kuloweka vyuma vilivyokwisha kufunguliwa, kwenye karai. Kwenye tangi yanashusha ubora wa petroli, injini inagonga, moshi unaongezeka, na unazalisha kaboni ileile unayoikimbia. Tulishayaona enzi za uchakachuaji, mpaka EWURA, wadhibiti wa mafuta Tanzania, wakaanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa) mwaka 2010. Usijichakachue mwenyewe.

Opa yangu ya mwaka 2000, injini 1ZZ, inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Nimesikia unaweza kumimina dawa kwenye matundu ya plagi bila kufungua injini. – Baba wa watoto wanne, Unguja

Baba, kwanza niambie moshi unatoka lini. Ukitoka asubuhi unapowasha tu kisha ukakatika, hizo ni sili za valvu, dawa haitakusaidia. Ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda kilima, hizo ni ringi, yaani pete za pistoni. Na 1ZZ za miaka ile ya mwanzo zinajulikana kwa hilo: vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo, vinaziba kaboni, ringi inaganda, oili inabaki ukutani na kuungua.

Kuloweka kunaweza kusaidia, na ni rahisi kuliko kufungua. Injini ikiwa na uvuguvugu, toa koili na plagi zote. Zungusha injini kwa spana mpaka pistoni zote nne ziwe katikati ya silinda. Utapima kwa kijiti kirefu kisichovunjika. Mimina dawa ya kulowekea pistoni, mililita 40 hivi kila silinda, ilale usiku mzima. Asubuhi toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli) ili petroli isipulizwe, funika matundu kwa kitambaa kizito, kaa mbali, mtu apige stata sekunde chache. Dawa itaruka, na ikiingia jichoni utajuta. Ukirudisha plagi wakati dawa bado imo ndani, utarudia hadithi ya kijana wa chupa.

Kisha mwaga oili na ubadilishe filta kabla gari halijatembea hata mita moja, kwa kuwa dawa imeshuka chini na kuifanya oili kuwa maji. Iwashe nje, itatoa moshi wa kutisha majirani. Pima oili kila kilomita 500. Ikiwa baada ya mara mbili hakuna mabadiliko, weka akiba ya pesa za ringi mpya.

Nina Prado ya dizeli, inteki (njia ya kuingizia hewa) imejaa tope jeusi. Nipulizie dawa injini ikiwaka kama wanavyofanya kwenye petroli? – Mfanyabiashara, Arusha

Usithubutu, mkuu. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Chochote kinachoungua kikiingia kwenye hewa yake inakigeuza kuwa mafuta, na inaweza kupanda mzunguko hata ukizima swichi. Tope hilo ni masizi ya EGR yaliyochanganyika na mvuke wa oili. Fungua valvu ya EGR na manifoldi, uvisafishie juu ya meza, urudishe na gasketi mpya. Usitumie dawa ya kusafishia oveni yenye kostiki soda, kwa kuwa inatafuna alumini. Watakushauri uizibe EGR moja kwa moja. Kifaa hicho kipo ili kupunguza moshi wenye sumu, na baadhi ya kompyuta zitakuwashia taa kwenye dashibodi.

Vitz yangu haitoki mjini, ni nyumbani na kazini, kilomita nne. Wenzangu wananiambia niikimbize barabara kuu kaboni iungue. Ni uongo? – Msomaji, Mombasa

Si uongo, ila ni nusu. Plagi hujisafisha yenyewe ncha yake ikifika nyuzi 450 hivi, na kwa safari ya kilomita nne huenda haifiki kabisa. Ukitoka hadi Voi siku moja kwa mwezi, masizi laini ya kwenye plagi na pistoni yanapungua. Pete ya kwenye throto haitaguswa.

Kinachochoma ni mzunguko wa injini, si mwendo. Huna haja ya kushindana na mabasi. Kama ni otomatiki yenye kitufe cha OD (gia ya juu kabisa), kizime, uiweke injini kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika kama ishirini barabara ikiwa wazi, ikishapata moto wa kutosha. Na oili uipime kabla hujatoka Mombasa, usisubiri kuipimia Voi.